Mwendo, Ufunguo na Hali: "Nimrod" ya Elgar na Tufo ya Pwani ya Cabo Delgado

Mwalimu wa ushairi wa Kiswahili hana budi kuwa msikilizaji wa muziki, kwa kuwa shairi letu lilizaliwa mdomoni kabla ya kuandikwa, na hata leo halijakubali kutengana na mahadhi. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mwalimu akiwasikilizisha wanafunzi wake kipande cha muziki, kisha akawauliza maswali matatu: Mwendo wake ni upi? Ufunguo wake ni upi? Hali yake ni ipi? Maswali hayo ni mazuri. Linalotutia shaka ni majibu yanayotarajiwa. Imekuwa desturi katika madarasa mengi kufundisha kwamba wimbo wa polepole ni wa huzuni na wa haraka ni wa furaha. Kwamba ngazi kubwa ya sauti huchangamsha na ngazi ndogo huhuzunisha. Mwanafunzi akishakariri hayo, hana haja tena ya kusikiliza. Hupima mwendo, hutaja ufunguo, na jibu la swali la tatu hujileta lenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki desturi hiyo. Tutaonyesha kwamba hali ya kipande cha muziki haimo ndani ya mwendo wake, wala ndani ya ufunguo wake, bali hutokana zaidi na mambo mawili: mahali kinapokaa kipande katika mfuatano wa vipande vingine, na kazi ambayo watu wamekikabidhi. Tutatumia mifano miwili iliyo mbalimbali. Mmoja ni kipande kifupi cha okestra kilichotungwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Wa pili ni tufo, ngoma ya akina mama wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Hatuiweki mifano hii bega kwa bega ili kuthibitisha kwamba ngoma yetu ni sawa na muziki wa Ulaya. Tufo haihitaji uthibitisho huo. Tunaiweka pamoja kwa sababu kila mmoja unalionyesha kosa lilelile la msikilizaji kwa upande wake.

Pwani na ngoma yake

Pwani tunayoizungumzia huanzia kwenye mlango wa Mto Ruvuma. Ukiteremka kusini unapita Kionga, rasi yenyewe ya Cabo Delgado, Palma, Mocímboa da Praia, kisha Mucojo na Pangane, hadi visiwa vya Quirimba ambavyo Ibo ni mashuhuri zaidi kati yake, na mwisho mji wa Pemba. Wenyeji wa sehemu kubwa ya mwambao huu ni Wamwani, na jina lao halina maana nyingine ila watu wa pwani. Kimwani ni lugha iliyo karibu sana na Kiswahili, na huko Palma na Kionga Kiswahili chenyewe husemwa. Katika karne ya 19 watawala wa pwani hii waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na barua za namna hiyo zimehifadhiwa Maputo katika Nyaraka za Taifa. Basi msomaji asidhani kwamba tunampeleka ugenini.

Tufo huchezwa mkoani Cabo Delgado na katika mkoa jirani wa Nampula. Jina lake latokana na neno la Kiarabu la dufu, ngoma bapa yenye ngozi upande mmoja, ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua kwa jina hilohilo. Wareno nao wana ngoma ya namna hii waiitayo adufe, na neno lao limetoka katika shina lilelile. Wachezaji husimulia kwamba asili ya tufo ni nyimbo na madufu ambayo watu wa Madina walimpokelea Mtume Muhammad alipohamia kwao. Kuhusu kufika kwake Msumbiji, simulizi moja yaitaja miaka ya mwanzo ya 1930 na mtu mmoja aliyetoka Kilwa kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Kundi la tufo huwa na wanawake wapatao 15 hadi 20 waliovaa kanga za aina moja, pamoja na wapigaji wa madufu manne. Zamani wachezaji walipiga magoti na kutumia kichwa, mikono na mabega tu. Siku hizi husimama pia na kucheza kwa mwili mzima. Mmoja huanzisha wimbo, wenzake wakaupokea.

Msomaji ataona mara moja kwamba asili inayosimuliwa ni asili ya makaribisho. Ni ngoma ya kumpokea mgeni mtukufu. Lakini nyimbo za tufo zimebeba mengi tangu hapo: sifa za Mtume, mambo ya arusi, mawaidha, vijembe, na baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, siasa ya nchi mpya. Ngoma ni ileile na madufu ni yaleyale. Je, mwanafunzi aandike nini mbele ya neno "hali"?

Kipande chenyewe

Tuliache swali hilo kwa muda, tukitazame kipande cha okestra. Edward Elgar, mtunzi wa Kiingereza, alitunga kazi inayojulikana kwa jina la Enigma, yaani Fumbo, na ikapigwa kwa mara ya kwanza jijini London tarehe 19 Juni 1899 chini ya uongozi wa Hans Richter. Muundo wake ni wa migeuzo. Kwanza husikika lahani ya msingi, kisha lahani hiyo hugeuzwa mara 14, na kila mgeuzo ni picha ya mtu ambaye mtunzi alimjua: mkewe, marafiki zake, na mwishowe yeye mwenyewe. Mwalimu wa ushairi ataielewa namna hii pasipo taabu akikumbuka jinsi mshairi anavyoweza kuchukua wazo moja na kulirudia katika beti nyingi, kila ubeti ukiligeuza kidogo.

Mgeuzo wa tisa huitwa "Nimrod". Ni picha ya August Jaeger, Mjerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya Novello iliyochapisha kazi za Elgar. Kwa Kijerumani Jäger ni mwindaji, na Nimrod ndiye mwindaji hodari anayetajwa katika Biblia. Kwa hiyo jina ni mchezo wa maneno, wa aina ambayo washairi wetu huipenda. Elgar alieleza kwamba kipande hiki ni kumbukumbu ya mazungumzo ya jioni moja ya kiangazi, ambapo rafiki yake alizungumza kwa ufasaha juu ya sehemu za polepole katika kazi za Beethoven. Dora Penny, ambaye naye ana mgeuzo wake, aliongeza katika kumbukumbu zake kwamba Elgar alikuwa amevunjika moyo, na Jaeger akamtia nguvu kwa kumkumbusha mashaka aliyoyavumilia Beethoven pasipo kuacha kutunga.

Tunaomba msomaji aishike habari hii. Kipande kilitungwa kwa ajili ya mtu aliye hai, kushukuru maneno ya kutia moyo. Hakuna maiti ndani yake.

Yaliyomo ni haya. Mapigo ni matatu katika kila kipimo. Ala za nyuzi huanza peke yake kwa sauti ndogo mno. Lahani hushuka kwa miruko mikubwa, kama mtu ashukaye ngazi kwa hatua ndefu, lakini kila ikishuka hupata mahali pa kuinukia. Ala za kupuliza huingia baadaye, sauti hukua kidogo kidogo hadi okestra nzima inapopiga kwa nguvu zake zote, halafu, kwa vipimo vichache tu, nguvu zote hizo hurudi chini na kipande kumalizika kwa unyamavu. Tangu mwanzo hadi mwisho ni kupanda kumoja na kushuka kumoja.

Mwendo

Elgar aliandika juu ya kipande hiki neno la Kiitalia Adagio, yaani polepole, na akaweka hesabu: mapigo 52 kwa dakika. Kiongozi wa okestra akiifuata hesabu hiyo, kipande humalizika kabla ya dakika tatu kutimia. Hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu mtunzi mwenyewe aliongoza na kurekodi kazi yote mwaka 1926, na katika santuri hiyo "Nimrod" haifikishi dakika tatu. Ni mwendo wa mtu anayetembea na rafiki yake bila haraka.

Leonard Bernstein, kiongozi mashuhuri wa Marekani, alipoirekodi kazi hiyo mwaka 1982 pamoja na okestra ya BBC, kipande hicho kilichukua zaidi ya dakika tano. Nota ni zilezile, ufunguo ni uleule, neno lililoandikwa juu ni lilelile. Lakini muda umekaribia mara mbili. Kati ya santuri hizo mbili zipo nyingine nyingi, na nyingi hukaa mahali fulani katikati. Mwanafunzi akiulizwa "Mwendo wake ni upi?" na akajibu "Adagio", amesoma karatasi tu. Bado hajausikia muziki.

Kwa nini kipande kimepunguzwa mwendo? Kwa maoni yetu jibu halimo katika karatasi. Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Novemba, Waingereza huwakumbuka watu wao waliokufa vitani, na "Nimrod" ni mojawapo ya vipande vinavyopigwa mbele ya mnara wa kumbukumbu jijini London. Hupigwa pia katika mazishi na maombolezo mengi. Kipande kilichokabidhiwa kazi ya kuomboleza kimejifunza kutembea kama watu wafuatao jeneza. Yafaa tuuone vizuri mpangilio wa mambo haya. Hakikuwa cha huzuni kwa sababu ya upole wa mwendo wake; kimezidishiwa upole kwa sababu watu walikwisha kukifanya cha huzuni. Na tukumbuke kwamba Elgar aliporekodi mwaka 1926, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemalizika miaka minane tu iliyopita na Jaeger alikuwa kaburini tangu 1909. Mtunzi alikuwa na sababu zote za kuomboleza, lakini hakuongeza hata dakika moja.

Tukirudi pwani, swali la mwendo huzidi kuwa gumu. Madufu manne yanapogawana mapigo, mapigo madogo hupita upesi sana, hali mabega ya wachezaji waliopiga magoti yaweza kuyafuata yale mapigo makubwa tu. Mwendo wa tufo ni upi basi, wa vidole au wa mabega? Mwanafunzi atakayeandika "haraka" kwa sababu amesikia vidole, na atakayeandika "polepole" kwa sababu ameona mabega, wote wawili wana haki. Hali kadhalika kule Zanzibar, maulidi ya homu huanza polepole mno, safu ya watu ikiyumba kwa pamoja, na huongeza mwendo hadi kufikia kasi kubwa. Hatujapata kusikia mtu akisema kwamba ibada hiyo ilianza katika huzuni ikaishia katika furaha. Ni ibada moja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwendo ni njia yake tu ya kupanda.

Hatusemi kwamba mwendo hauna athari. Mwili wa binadamu huujua mwendo kabla ya akili kuujua, na mtu akisikia pigo lililo polepole kuliko hatua zake hutulia, apende asipende. Tunalosema ni kwamba utulivu si huzuni. Mama anayembembeleza mtoto huimba polepole, na mwenye kuomba dua husema polepole. Mtu mwenye shukrani nyingi naye hana haraka.

Ufunguo

"Nimrod" imeandikwa katika ufunguo wa E bapa, ngazi kubwa. Kwa fomula ya darasani ingepasa kuwa kipande cha furaha. Watu elfu nyingi wanaolia wakikisikia hawajaisoma fomula hiyo. Hapa peke yake pangetosha kuonyesha udhaifu wa desturi tunayoihakiki. Lakini jambo lenye mafunzo zaidi ni namna kipande kinavyouingia ufunguo huo.

Mgeuzo wa nane, unaotangulia, ni picha ya nyumba ya kirafiki na bibi mpole aliyekaa humo, na umo katika ufunguo wa G, ngazi kubwa. Unapomalizika, nota moja tu hubaki hewani: nota ya G, ikishikiliwa na fidla. Katika mgeuzo wa nane nota hiyo ilikuwa nyumbani kwake. Ndiyo nota ya kwanza ya ngazi, ambayo nyimbo hurudi kupumzika. Inapokuwa bado inalia peke yake, ala nyingine huingia chini yake kwa sauti ndogo, na kumbe sasa tumo katika E bapa. Nota ya G haikusogea hata kidogo, lakini si mwenyeji tena. Imekuwa nota ya tatu ya ngazi nyingine. Nyumba imejengwa upya chini ya miguu yake.

Hiyo ndiyo sababu mwanzo wa "Nimrod" hugusa moyo namna ile. Nguvu yake haitoki katika E bapa yenyewe. Lau okestra ingepiga migeuzo yote nusu sauti juu zaidi, athari ingebaki ileile. Inatoka katika safari ya kutoka G kwenda E bapa, na katika nota moja iliyovuka bila kuhama. Na kipande kikishakwisha, mgeuzo wa kumi hurejea kwenye G kwa wepesi, ukimchora Dora Penny na kigugumizi chake kidogo. Kwa hiyo msikilizaji wa kazi nzima huingia E bapa akitoka katika upole, na hutoka humo akiingia katika tabasamu. Lakini msikilizaji wa mazishini hupewa kipande kilichokatwa kichwa na miguu. Hakisikii kilichotangulia wala kinachofuata. Amepewa ufunguo, akanyimwa mlango.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Ngozi ya dufu hulegea kwa unyevu wa bahari, na sauti yake ikashuka. Ikiotewa moto hukaza, na sauti ikapanda. Mwanzishaji wa wimbo naye huanzia pale koo lake linapomruhusu siku hiyo. Wimbo mmoja waweza kuimbwa juu leo na chini kesho, na hakuna anayeona kwamba umekuwa wimbo mwingine. Kinachohifadhiwa ni umbali kati ya sauti na sauti, na zamu kati ya mwanzishaji na wapokeaji. Sikio lililolelewa hivyo halitafuti hali katika kimo cha sauti, na katika jambo hili limetangulia mbele ya kitabu cha darasani.

Huenda msomaji aliyezoea taarabu akatukumbusha maqamu. Wanamuziki wa Zanzibar, kama wale wa Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, hujua kwamba rasti, bayati na hijazi si ngazi za sauti tu. Kila moja husemwa kuwa na tabia yake. Tunakubali. Hata hivyo bayati ileile ambayo msomaji wa Qurani huitumia katika kisomo chake, mwimbaji huitumia katika wimbo wa mapenzi. Mtoto wa Mocímboa da Praia aliyesoma chuoni amezisikia sauti hizo katika kisomo kabla ya kuzisikia katika redio. Kama tabia ya maqamu ingekuwa ndiyo hali yenyewe, kisomo na mapenzi visingeweza kukaa katika nyumba moja. Maqamu hutoa rangi. Picha huchorwa na mwenye kalamu.

Hali

Tumefika penye kiini cha hoja. Ikiwa mwendo haukuamua hali, na ufunguo haukuiamua, ni nini kilichoiamua? Tulitaja mambo mawili: mahali na kazi.

Mahali tumekwisha kupaona katika nota ya G. Mfano wake wa karibu ni maulidi ya Barzanji, yasomwayo pwani nzima kutoka Lamu hadi Kisiwa cha Msumbiji. Watu hukaa na kusikiliza masimulizi. Yanapofika kwenye kuzaliwa kwa Mtume, wote husimama na kumsalia kwa pamoja. Mtu akirekodi kipande kile cha kusimama peke yake, atakuwa na sauti za watu waimbao vizuri. Hatakuwa na ule mtikisiko wa kuinuka baada ya kukaa. Mtikisiko huo ulitengenezwa na muda mrefu wa kukaa.

Ama kuhusu kazi, hapa ndipo tufo inapotufundisha, na ndipo suala letu linapoacha kuwa la darasani tu. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na vita vikaanza. Tarehe 24 Machi 2021 waliushambulia mji wa Palma. Katika miaka hiyo watu wa Cabo Delgado waliolazimika kuyahama makazi yao walikaribia milioni moja. Wengi walikimbilia Pemba, Metuge, Montepuez na mkoa wa Nampula. Wengine walitafuta njia ya kuvuka Ruvuma. Mocímboa da Praia ilikombolewa Agosti 2021, na watu wengi wakaanza kurudi, ingawa mashambulizi hayakukoma mkoani.

Tangu hapo, kila kitu kitokacho pwani hii husikilizwa na walio mbali kwa sikio moja. Wanawake wakiimba polepole, msikilizaji husema: wanaomboleza. Wakiimba kwa kasi, husema: wamepona, wamesahau. Fomula ileile ya darasani imetoka nje na kuwa hukumu juu ya watu. Tufikirie wimbo uliotungwa kwa ajili ya arusi kijijini, ukiimbwa na akina mama walewale katika kambi ya waliohamishwa. Mwendo waweza kuwa uleule. Madufu yaweza kuwa mapya, kwa kuwa ya zamani yaliachwa. Je, ni wimbo wa furaha kwa sababu una kasi? Je, ni wa huzuni kwa sababu unaimbwa kambini? Huenda ni wa kumpokea mtu aliyefika jana salama, na kama ni hivyo, tufo imerudi kwenye kazi yake ya kwanza kabisa, ile ya makaribisho. Huenda ni wa kuwafunza mabinti wimbo ambao ungepotea. Msikilizaji hatajua mpaka aulize: unaimbwa kwa ajili ya nani, na baada ya nini?

Waingereza waliichukua shukrani ya mtu mmoja kwa rafiki yake wakaifanya maombolezo ya taifa. Hatuwalaumu, kipande kikishatoka mikononi mwa mtunzi, watu hukipa kazi wanayohitaji. Lakini walikifanya hivyo wenyewe, kwa wafu wao wenyewe. Ni jambo jingine kabisa mtu wa mbali kuusikia wimbo wa wenzake na kuupachika hali kutoka katika fomula yake. Huko si kusikiliza. Ni kuwasemea watu wakati wao wenyewe wanaimba.

Darasani

Walimu wenzetu watauliza, basi tufanyeje? Kwa bahati njema fasihi yetu imekwisha kutuandalia jibu. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ni ya mwaka 1728, ni utenzi wa vita. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Tenzi zote mbili zina mistari minne katika ubeti, mizani nane katika mstari, na mpangilio mmoja wa vina. Kipimo ni kimoja; katika mmoja panga zinagongana, katika mwingine mama anaaga. Hakuna mwalimu wa ushairi awezaye kusema kwamba mizani nane ni hali ya vita au kwamba mizani nane ni hali ya wasia. Tunalolijua kuhusu mizani tulitumie pia kuhusu mwendo na ufunguo.

Tunapendekeza hatua nne. Kwanza, maswali matatu yabaki, lakini la hali lisijibiwe kutokana na yale mawili ya mwanzo. Mwanafunzi aeleze mwendo na ufunguo kwa haki yao, kama aelezavyo mizani na vina. Pili, kipande kifupi kisisikilizwe peke yake. Ikiwa ni "Nimrod", mwalimu aanze na mwisho wa mgeuzo wa nane na asiuzime muziki mpaka mgeuzo wa kumi uingie. Ikiwa ni tufo, wimbo uliotangulia na unaofuata usikike pia. Tatu, kipande kimoja kisikilizwe katika miendo miwili. Santuri ya Elgar ya 1926 na ile ya Bernstein ya 1982 zitafundisha katika dakika nane mambo ambayo maelezo ya saa nzima hayawezi kuyafundisha. Nne, na hili ndilo kubwa, mwanafunzi aulize wimbo unafanya kazi gani, na kama waimbaji wako karibu, awaulize wao.

Hatua hii ya nne ina adabu yake. Mwalimu wa Mtwara au wa Pemba mwenye mwanafunzi aliyetoka Palma asimwambie wimbo wa nyumbani kwao una hali gani. Amwombe auelezee. Mtoto huyo anaweza kusema kwamba ni wa furaha, nasi tukaona machozi. Au akasema kwamba ni wa matanga, nasi tukaona mabega yakicheza. Katika yote mawili neno lake liwe na uzito kuliko kipimo chetu, na liandikwe kama alivyolisema.

Mwendo hupimwa kwa saa na ufunguo kwa ala. Hali haina kipimo cha namna hiyo. Wanaoijua ni waimbaji, na yule aliyesubiri hadi wimbo ukaisha. Tukiwafundisha wanafunzi kusubiri hivyo, watakuwa wasomaji wazuri zaidi wa mashairi, na wasikilizaji waadilifu zaidi wa majirani zao.